Mchezo Ulioshonwa Nguoni

Watoto wengi wa Kenya waujua mchezo wa ludo. Ubao wake huuzwa madukani pamoja na dadu na kete za rangi nne. Mtoto asiye na fedha za kuununua huketi kando akiwatazama wenziwe, akidhani kwamba mchezo huo haupatikani kwa njia nyingine. Historia yatufundisha kwamba dhana hiyo si kweli.

Asili ya ludo ni mchezo wa Bara Hindi uitwao pachisi. Jina hilo latokana na neno pachis, yaani 25 kwa Kihindi, ambayo ndiyo hesabu kubwa kupita zote aliyoweza kuipata mchezaji aliyerusha kauri sita. Hatua za kwenda zilitegemea idadi ya kauri zilizolala mdomo juu. Sisi tusemao Kiswahili hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili, maana kwetu neno kete ni jina la kauri ndogo, na pia la kitu kinachosogezwa mchezoni.

Pachisi haikuhitaji ubao. Ilichezwa juu ya kitambaa cha umbo la msalaba, kilichotiwa mistari kwa sindano na uzi. Kila mkono wa msalaba ulikuwa na safu tatu za vyumba vinane vinane. Basi mikono yote minne ilikuwa na vyumba 96, na katikati palikuwa na uwanja mmoja mkubwa. Kete ilitoka katikati, ikazunguka ukingo wote, kisha ikarudi ilikotoka. Vyumba vichache vilitiwa alama, na kete iliyokuwamo humo haikuweza kuliwa. Mchezo ulipokwisha, kitambaa kilikunjwa kikawekwa.

Wafalme nao waliupenda. Huko Fatehpur Sikri, mji ulioanza kujengwa na mfalme Akbar mwaka 1571, uwanja wa pachisi umechorwa juu ya sakafu ya mawe ya ua. Husimuliwa kwamba wajakazi waliovaa nguo za rangi mbalimbali walisimama mahali pa kete. Lakini mchezo wa mfalme ulikuwa ni ule ule wa raia mwenye kipande cha nguo na kauri chache.

Baadaye wafanyabiashara wa nchi za mbali waliuona. Huko Marekani, mwaka 1874, jina Parcheesi liliandikishwa kuwa alama ya biashara. Katika Uingereza, katika miaka ya 1890, mchezo ulirahisishwa na kupewa jina la Kilatini, ludo, maana yake "nacheza". Kitambaa kikageuka karatasi ngumu, na kauri zikageuka dadu. Majina ya wenye viwanda yakaandikwa, lakini ya wale walioshona vitambaa vya kwanza hayajulikani.

Je, twaweza kuurudisha mchezo huu nyumbani? Twaweza, tena kwa urahisi. Siku hizi kuna plastiki nyembamba ya rangi, yenye gundi upande mmoja, ambayo hushika nguoni kwa joto la pasi. Chukua kitambaa cha pamba, ukichore msalaba. Kata vyumba vya rangi nne, uvilaze upande wa gundi ukiwa chini. Funika kwa kitambaa kikavu, kisha kandamiza kwa pasi ya moto isiyo na mvuke. Usiisukume huku na huku, kwani vyumba vitahama. Ikiwa plastiki ina karatasi juu yake, ibandue baada ya kupoa. Asiye na plastiki atumie uzi, kama walivyofanya watu wa kale. Kete zaweza kuwa vifungo vya shati.

Ubao wa karatasi ukilowa huharibika, lakini nguo ikichafuka hufuliwa. Lililo kubwa zaidi ni hili: mtoto aliyeutengeneza mchezo kwa mikono yake hataketi tena kando. Yeye ndiye atakayewaita wenziwe waje kucheza.