Faiawoli bila feni: historia ya visanduku vinavyolinda lango

Wadau, leo tuweke kando mambo ya kodi tuzungumzie maunzi kidogo. Naulizwa mara kwa mara: ninunue kisanduku gani kiwe faiawoli ya nyumbani, yaani kile kinachokaa kati ya waya wa mtoa huduma na mashine zako zote? Anayeuliza huanza na bei, kisha wati. Maswali mazuri hayo. Lakini ukiifuata historia ya vidude hivi utaona kuna la tatu linalouma zaidi: miaka minane ijayo, nani atakuwa bado anakiandikia masasisho?

Tuanzie mwishoni mwa miaka ya 1990. Aliyetaka faiawoli ya maana alichukua tarakilishi kuukuu, akachomeka kadi mbili za mtandao, akaweka Linux au FreeBSD, akaisukuma chini ya meza. Ilifanya kazi vizuri kabisa. Taabu ilikuwa stima na kelele. Mashine inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 525 hivi kwa mwaka, na faiawoli haizimwi, maana ikizimwa nyumba nzima haina intaneti. Halafu feni. Feni huvuta vumbi, vumbi hukwama, feni hugoma, na prosesa hupikika polepole bila mtu kujua. Diski kuu nayo ina sehemu zinazozunguka, kwa hivyo siku yake hufika tu.

Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Søren Kristensen huko California, Soekris Engineering, ilitoa ubao uitwao net4501. Prosesa yake ilikuwa AMD Elan SC520 ya megahezi 133, ukoo wa 486, teknolojia ambayo hata wakati huo ilionekana ya kizee. Ulikuwa na matundu matatu ya mtandao, nafasi ya kadi ya CompactFlash badala ya diski, na tundu la siriali. Pa kuchomeka skrini hapakuwepo, wala feni. Huo uzee wa prosesa ndio uliokuwa siri yake: chipu ya polepole haitoi joto la kuhitaji feni, na kupitisha pakiti za intaneti ya nyumbani hakukuhitaji mbio.

Ubao ulikuwepo, lakini kuutumia kulitaka mtu asiyeogopa kuandika amri kupitia waya wa siriali. Hapo akaingia Mswisi Manuel Kasper. Februari 2003 alitoa m0n0wall, FreeBSD iliyokatwakatwa hadi ikaenea kwenye kadi ya megabaiti 8, ikiwa na kurasa za wavuti za kuisimamia na mipangilio yote katika faili moja la XML. Hata hatua za kuwasha mfumo aliziandika kwa PHP (ndiyo, PHP, ile ile tunayoisema vibaya kila siku). Kwenye net4501 iliweza kupitisha megabiti 17 hivi kwa sekunde. Hapa kwetu, kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kutua Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na megabiti 17 nyumbani ilikuwa ndoto ya mchana.

Kisha wakaja PC Engines, kampuni ya Pascal Dornier huko Uswisi. Walianza na WRAP, na mwaka 2007 wakatoa ALIX: Geode LX ya megahezi 500, RAM ya megabaiti 256 kwenye matoleo mengi, na ulaji wa wati 3 hadi 6. Mimi naona ALIX ndio ubao uliotufaa sana watu wa huku, kwa jambo ambalo wengi hawakulitazama: ulikubali umeme wa DC wa volti 7 hadi 20. Maana yake unaweza kuulisha moja kwa moja kutoka betri ya volti 12, hata ile ya sola, bila inveta kupoteza nguvu katikati. Betri ndogo ya Ah 7, kama zile za king'ora, ina wati-saa 84. Kwa wati 5, hesabu ya karatasini inakupa saa 16, na hata ukiikata nusu ili usiiue betri, stima ikipotea saa moja usiku unalala ukiwa bado hewani. Ile mashine ya wati 60 ingemaliza betri hiyo kabla ya habari za saa tatu kwisha.

Sasa fika mwisho wa mambo. Ondoa feni na diski inayozunguka, na ubao hauna sababu ya kufa haraka. Kinachokufa ni programu. pfSense, iliyochipuka kutoka m0n0wall mwaka 2004, iliachana na prosesa za biti 32 katika toleo la 2.4 la Oktoba 2017, na ALIX zote zikabaki nje. Hazikuharibika. Taa ziliendelea kuwaka, intaneti ikapita, mwenye nyumba hakuona tofauti. Lakini mlinzi wa lango asiyepata masasisho ni hatari kuliko kutokuwa na mlinzi, maana unamwamini.

Mwaka huo huo wa 2017 waliosimamia pfSense walitangaza kwamba toleo la 2.5 lingedai prosesa yenye AES-NI, amri za kusimba data ndani ya chipu. APU ya kwanza ya PC Engines, ya mwaka 2014, haikuwa nazo. Wengine wakaanza kutafuta ubao mpya. Mwaka 2019 sharti likaondolewa. Loo!

Watengenezaji nao hawakudumu. m0n0wall ilifungwa Februari 2015, na Kasper akawaelekeza watu kwa OPNsense. Ofisi ya Soekris ya Marekani ilifunga mwaka 2017. PC Engines walitangaza mwaka 2023 kwamba hawatatengeneza bao mpya, wakilalamika kwamba wauza chipu hawawapi msaada wa kutosha. Angalau APU ilitumia coreboot, programu huria ya kuwashia ubao, kwa hivyo wengine waliweza kuendelea kuirekebisha.

Nafasi hiyo imejazwa na visanduku vya alumini kutoka China, vingi vikiwa na Intel N100, chipu ya mwaka 2023. Vina nguvu ya kutosha laini yoyote ya nyumbani. Tahadhari mbili tu. Wati 6 zinazoandikwa ni za chipu. RAM, SSD na matundu manne ya mtandao vinakula pia, kwa hivyo pima ukutani kabla ya kupanga betri. Na kabla ya kulipa, itafute tovuti ya aliyekitengeneza, uone kama BIOS mpya zinatolewa na ya mwisho ni ya lini. Usipopata ukurasa huo, umepata jibu.

Ukipewa ALIX au net4501 ya zamani, usiitupe, ila usiiweke langoni. Poul-Henning Kamp wa FreeBSD aliwahi kuigeuza net4501 kuwa saa ya NTP, kwa sababu ile Elan ina kaunta za kupima muda kwa usahihi mkubwa. Hiyo ni kazi ya heshima kwa mzee wa megahezi 133.