Ukosefu au Utovu? Juu ya Kutafsiri Msingi wa Tatu wa Aristotle

Wanafalsafa wa kale wa Uyunani walitatizwa na swali hili: kitu chawezaje kuwa kile ambacho hakikuwa? Parmenides, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alishika kwamba kilichopo hakiwezi kutokana na kisichokuwapo. Kwa hiyo hakuna mabadiliko ya kweli. Aristotle (384–322 K.K.), katika kitabu cha kwanza cha Fizikia, alijibu kwa kutaja misingi mitatu: kitu kinachobeba mabadiliko, umbo, na steresisi. Sanamu haitoki katika utupu. Hutoka katika shaba iliyokosa umbo la sanamu. Umbo lifikapo, shaba hudumu, steresisi hutoweka.

Wala si kila kutokuwapo ni steresisi. Jiwe halioni, lakini hatuliiti kipofu. Kipofu ni yule ambaye kwa maumbile yake angalipaswa kuona.

Ishaq bin Hunayn, aliyefariki karibu mwaka 910, alipokitafsiri kitabu hicho kwa Kiarabu alitumia neno ʿadam, na Ibn Sina (aliyefariki 1037) akalitumia vilevile. Kiswahili kina adimu, la shina hilohilo. Lakini kwetu maana imehama, kwani kilicho adimu chapatikana, ila kwa taabu.

Yabaki maneno mawili. Ukosefu ni neno pana mno: twasema ukosefu wa mvua na ukosefu wa fedha bila kuuliza ni nani astahiliye kuwa navyo. Utovu ni mwembamba zaidi. Mtovu wa adabu ni mtu, kamwe si jiwe, maana adabu yampasa mtu. Ni kweli kwamba utovu wanukia lawama, na shaba haina lawama. Hata hivyo neno hilo limebeba sharti la Aristotle, na lawama yaweza kupungua kwa mazoea ya kulitumia.

Jambo hili si la wanachuoni peke yao. Mwalimu wa Itumba, wilayani Ileje katika Mkoa wa Songwe, ambako Kindali na Kimalila pia husemwa, hahitaji Kiyunani ili kulieleza. Sarufi ya Kiswahili yamsaidia: “shaba si sanamu” ni kauli ya Parmenides, “shaba haijawa sanamu” ni ya Aristotle. Istilahi yoyote tutakayoichagua sharti iihifadhi tofauti hiyo, la sivyo msomaji atasikia “hakuna” pale palipoandikwa “bado”.