Sensa ya Gari: Ubadilishe Mwenyewe au Umlipe Fundi?

Ndugu zetu wa Pwani wapandao bara huijua ile safari: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Ukikunja Kibwezi, unashika njia ya Mutomo hadi Kitui. Ukiacha lami kuingia vijijini, vumbi jekundu halina msamaha. Ndipo taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, nawe waulizwa: utie mkono mwenyewe au utafute fundi?

Kwanza, soma kodi kabla ya kununua chochote. Kifaa cha kusomea huchomekwa kwenye plagi iliyo chini ya usukani. Lakini kodi hutaja mahali penye hitilafu, haisemi kwamba sensa imekufa. Kwa mfano, P0171 maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, kumbe ni mpira wa hewa uliopasuka au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kazi unayoiweza: sensa ya hewa. Katika magari mengi ya Toyota iko karibu na kichujio cha hewa, imeshikwa kwa skrubu mbili. Zima gari, toa waya wa hasi wa betri, chomoa sensa na uipulizie dawa yake maalumu. Usiiguse kwa kitambaa wala brashi. Iache ikauke kabisa ndipo uirudishe. Badilisha pia kichujio, la sivyo vumbi litarudi.

Sensa ya joto la maji nayo yawezekana ikiwa iko juu, ila injini iwe imepoa. Kufungua rejeta ya moto ni kujiunguza uso.

Kazi ya kumwachia fundi: sensa ya krankshafti, ambayo kwa magari mengi imejificha chini. Ikiharibika, gari huweza kuzima likipata moto na kuwaka tena likipoa. Si jambo la kubahatisha usiku ukiwa na watoto garini. Sensa ya oksijeni hung'ang'ania kwenye ekzosi. Ukiilazimisha, nyuzi hukatika na gharama huongezeka.

Ukimlipa fundi, mwambie akuonyeshe kodi. Patana bei ya spea mbali na ya kazi, na udai sensa kuukuu. Namba iliyoandikwa juu yake ndiyo utakayolinganisha dukani. Kabla ya kulipa, akague pia waya na plagi, kwani waya uliokatika hutoa kodi ileile ya sensa mbovu.

Na taa ikimetameta badala ya kuwaka tu, punguza mwendo, egesha mahali salama na uzime injini. Hapo si pa kujaribu ufundi.

Rahisi ni kuchelewa kufika Wote kwa saa moja kuliko kulala njiani.