Kukusanya ni Jambo Moja, Kuunganisha ni Jingine

Sisi wapenzi wa vitabu tunamjua mkusanyaji: mtu anayejifungia maktabani, akachambua mashairi ya watu na kuyapanga yawe kitabu kimoja. Mimi nilifanya kazi na kompyuta miaka kadhaa bila kujua kwamba neno "kompaila" limetoka humohumo, katika kukusanya.

Mwaka 1952 mwanahisabati Mmarekani, Grace Hopper, alikuwa akiandikia UNIVAC I, kompyuta iliyouzwa kwa ofisi za serikali na makampuni. Wakati ule waandishi wa programu walinakili kwa mkono vipande vya hesabu vilivyokwisha kuandikwa, na kila kunakili kulizaa makosa. Hopper akaviweka vipande hivyo kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake, kama vitabu kwenye rafu. Kisha akaandika programu iliyoitwa A-0: unaipa orodha ya namba, yenyewe inavitafuta vipande na kuvipanga viwe programu moja. Kwa kuwa ilikusanya, akaiita kompaila.

Sasa angalia maneno yanavyohama. Leo kompaila ni ile inayotafsiri maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine. Kazi ya kuvifunga vipande pamoja, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa kazi kubwa ya A-0, tunaiita kuunganisha.

Tofauti hiyo niliilipia mwaka 1998. Ofisini kwetu kulikuwa na AS/400, mashine ya biashara ambayo IBM iliitoa mwaka 1988, na programu za mishahara ziliandikwa kwa RPG. Amri zake ni maneno yaliyokatwa: CRT ni kuunda, PGM ni programu. Programu ya kipande kimoja ulitosheka na amri moja, CRTBNDRPG, iliyotafsiri na kuunganisha kwa mkupuo. Yenye vipande vingi ilitaka hatua mbili: CRTRPGMOD kutafsiri kila kipande kuwa moduli, halafu CRTPGM kuziunganisha.

Niliagizwa kurekebisha hesabu ya saa za ziada, maana malipo yalikuwa yamepanda. Nikarekebisha, nikapiga CRTRPGMOD, mashine ikajibu kwamba moduli imeundwa. Nikaenda zangu nyumbani roho kwatu.

Mwisho wa mwezi dereva mmoja mtu mzima akaja dirishani na karatasi yake ya mshahara.

"Mwanangu, mbona saa zangu zimeliwa?"

"Haiwezekani, mzee. Nimerekebisha mwenyewe."

"Basi hesabu tena, nikiwa hapahapa."

Nikahesabu kwa kalamu. Mzee alikuwa sahihi.

Kilichotokea ni hiki: CRTPGM inapounganisha, hunakili moduli ndani ya programu. Ukiibadilisha moduli baadaye, programu haina habari. Inaendelea na nakala yake ya zamani hadi uunganishe upya, au uibadilishie moduli hiyo kwa UPDPGM. Ni kama mshairi aliyesahihisha ubeti kwenye daftari lake huku kitabu kilichokwisha kuchapwa kikiendelea kuuzwa na ubeti uleule wenye kosa.

Mashine haikudanganya. Iliniambia moduli imeundwa, nami nikasoma kwamba kazi imekwisha. Madereva walilipwa tofauti yao mwezi uliofuata, lakini mzee yule alikuwa amekwisha kukopa ada ya mtoto. Nilimwomba radhi. Akanijibu, "Siku nyingine uhakikishe, baba," akaondoka.

Hopper alibuni A-0 ili kuwaepusha watu na makosa ya kunakili. Kosa langu nalo lilikaa kwenye nakala, ila hii ilikuwa imenakiliwa na mashine, tena bila kukosea hata herufi. Tangu siku ile, kila nilipogusa hesabu ya mshahara wa mtu, niliiendesha programu yenyewe kwa majaribio na kuhakiki jibu kwa kalamu kabla sijaondoka ofisini.