Ngoma Haitoshi Usiku Mmoja

Sisi wa Sakina, Arusha, tumezoea muziki wa usiku mmoja. Gari la matangazo linapita barabara ya Namanga tangu Jumatatu, spika zimefungwa juu ya paa, likitaja jina la msanii na kiingilio. Jumamosi tunapanda kifodi, daladala ndogo, hadi mjini, tunaingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid na kusimama hadi usiku wa manane. Msanii anapanda jukwaani, anaimba juu ya sauti yake mwenyewe inayotoka kwenye kompyuta ya DJ, na kabla ya alfajiri msafara wake umeshashika njia ya mji mwingine. Nimefurahi sana katika usiku wa namna hiyo, na vijana wa Chuga, mji wetu, wanaokwenda nawaelewa. Lakini kila nikitoka pale hulifikiria jina lililoandikwa getini. Sheikh Kaluta Amri Abeid, mzaliwa wa Ujiji, ndiye aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kabla ya kuwa meya na kisha waziri. Alikulia katika sanaa ya malumbano, ambamo shairi huulizwa leo gazetini na kujibiwa wiki zijazo, na hakuna msomaji aliyeona kwamba huko ni kuchelewa.

Nalisema hili kwa sababu tangu mimi na wenzangu wa Sakina tuanze kwenda Unguja kila Februari kwenye tamasha la Sauti za Busara, watu hutuuliza swali lilelile: muziki gani huo wa siku tatu, nne? Hamchoki? Swali hilo linadhani kwamba tamasha la siku nyingi ni kitu kilichokuja na watalii. Historia yetu inasema vingine kabisa.

Tuanze Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kila mwaka, mwezi wa Julai, wenyeji huadhimisha Mwaka Kogwa, na sherehe huchukua siku nne. Kalenda yake ni ya Nairuzi, yenye asili ya Uajemi. Hufuata jua, tofauti na miezi ya Kiislamu inayofuata mwandamo, kwa hiyo mkulima na baharia waliweza kuitegemea kujua majira ya mvua na pepo. Wanaume wa pande mbili za mji huchapana kwa magomba, wamalize vinyongo vya mwaka mzima. Kibanda cha makuti huchomwa moto na mtu aliyekuwa ndani hukurupuka akakimbia. Wanawake hupita na nguo zao mpya wakiimba, na nyimbo hizo haziogopi kumsema mtu. Kisha ni kula, kutembeleana na ngoma hadi siku zitimie. Nyumba isiyo na mgeni siku hizo huhesabiwa kuwa na upungufu.

Kuna pia ngoma ya beni. Ilizaliwa katika miji ya pwani ya kaskazini, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, watu walipochukua tarumbeta, gwaride na vyeo vya Wazungu wakavifanya mali yao. Vita ya 1914 hadi 1918 iliisambaza. Askari na wapagazi waliokusanywa kutoka kila kabila waliibeba hadi bara, na karibu kila mji wa Tanganyika ukawa na Marini na Arinoti, pande mbili zinazoshindana kwa sare, kwa nyimbo na kwa wingi wa ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya wageni. Mwanahistoria Terence Ranger aliitungia beni kitabu kizima mwaka 1975. Ninachokipenda mimi katika habari ile ni hesabu za fedha. Maofisa wa kikoloni walilalamika kwamba watu wanajifilisi kwa ngoma. Wenyewe walichanga, wakakopa, wakalipa, mwaka ujao wakachanga tena. Hapakuwa na mfadhili.

Na hapa kwetu chini ya Mlima Meru, nani atamwambia Mmaasai kwamba sherehe ni ya usiku mmoja? Eunoto, ambamo morani hunyolewa nywele na mama zao ili waingie utu uzima, ni shughuli ya siku kadhaa. Hakuna gitaa wala kipaza sauti. Kuna vifua, shingo, miruko, na pembe ya swala inayopulizwa ikasikika ng'ambo ya bonde. Anayeongoza wimbo hubadilika, wimbo wenyewe haukatiki.

Siku hizo zilikwenda wapi, basi? Nadhani zilipunguzwa kidogo kidogo, na kila mara kulikuwa na sababu nzuri. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alikuta upande mmoja wa santuri unabeba kama dakika tatu tu. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa barazani hadi wasikilizaji wachoke wao ikabidi ikunjwe. Tulipata hazina kubwa, kwa kuwa bila santuri zile tusingeisikia sauti yake leo. Hata hivyo sikio letu lilianza kujifunza ufupi.

Kisha zikaja bendi za jazi, na hapa Arusha ina sehemu yake, ingawa wengi hawaijui. Mwaka 1970 ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walikuja mjini kwetu wakitokea Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Mombasa, na huko wakawa Simba Wanyika, bendi ambayo magitaa yake bado yanasikika kwenye mabasi yote ya Afrika Mashariki. Zama zile bendi ilipiga usiku kucha, wikiendi baada ya wikiendi, na vyombo vilikuwa vya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya teksi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa lilikuwa la mwajiri.

Ndiyo maana nawakatalia wazee wanaosema vijana wa Bongo Fleva waliacha vyombo kwa uvivu. Mashirika ya umma yalipodhoofika na kuuzwa, miaka ya 1980 na 1990, vyombo vilikwenda nayo. Kijana wa Kijenge au Sakina wa mwaka 1996, mwaka ambao kundi la rap la hapa Arusha, X Plastaz, lilianza, angelipata wapi gitaa la besi? Alikuwa na kaseti ya midundo, kalamu na daftari. Kwa hivyo vitatu X Plastaz walifanya jambo kubwa. Walimweka mwimbaji wa Kimaasai, Yamat ole Meipuko, katikati ya rap ya Kiswahili, na albamu yao ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004 ikawafikisha mbali. Kilichopotea kilikuwa mazoezi ya watu sita au kumi kupiga pamoja hadi wakajuana pumzi.

Mahali vyombo vilipobaki hapa kwetu ni kanisani. Mimi mwenyewe besi nilijifunzia kwenye kwaya, na kila Jumapili asubuhi ukitembea kutoka Sakina hadi Kiranyi utasikia ngoma za kizungu, kinanda na magitaa kila baada ya hatua chache. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna tamasha Unguja linalokataa pleibeki, ambako kila anayepanda jukwaani lazima apige laivu, nilijua hilo ni la kwangu.

Sauti za Busara ilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2004, chini ya asasi ya Busara Promotions iliyoundwa mwaka mmoja kabla na Yusuf Mahmoud, ambaye alikuwa amesimamia muziki kwenye Tamasha la Nchi za Jahazi, ZIFF. Februari ni kiangazi cha huko, kaskazi inavuma, masika bado. Ni msimu uleule ambao zamani bandari ya Unguja ilijaa majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliyoletwa na upepo huo, na mabaharia waliokuwa na miezi ya kungoja kusi ya kuwarudisha. Mji ule umezoea kupokea wageni wenye nafasi ya kukaa.

Ukumbi mkuu kwa miaka mingi umekuwa Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Imekuwa ngome, kambi, gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilihifadhi vifaa vya ujenzi wa reli ya Bububu. Katika miaka ya 1990 ikajengewa jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia watazamaji. Kuta zake nene zinafanya kazi moja ambayo wajenzi hawakuifikiria: zinashika sauti ya besi. Najua ninachosema, nimesimama pembe zote nne.

Safari yetu kutoka Sakina ni ya basi siku nzima, Moshi, Same, Korogwe, Chalinze, tukilala Dar es Salaam, kesho yake boti. Huwa tupo mimi, mwalimu wa Kiranyi, fundi cherehani mmoja, na dereva wa watalii ambaye huomba likizo katikati ya msimu wake wa kazi, na hilo kwa mtu wa Arusha si jambo dogo. Siku ya kwanza ni ya maandamano mitaani, bure kwa kila mtu. Beni ya Mbwa Kachoka na matarumbeta yao, wanawake wa ngoma ya mwanandege na miavuli yao, watoto kila upande. Usiku wake tunawafuata wasanii tunaowajua. Siku ya pili miguu inauma, joto linatushinda sisi watu wa mlimani, na hapo ndipo masikio yanapofunguka, kwa kuwa mtu hana tena nguvu ya kuchagua. Anakaa alipo, anasikiliza kilichopo.

Hivyo ndivyo tulivyoijua Maulidi ya Homu ya Mtendeni, wanaume waliopiga magoti safu moja, dufu zikilia, miili ikiyumba pamoja kwa utaratibu ambao hauwezi kuoneshwa kwa dakika tatu. Inaanza polepole kiasi cha kumchosha asiye na subira, na anayebaki hulipwa. Na hivyo ndivyo tulivyosimama mbele ya Jagwa Music, watoto wa Mwananyamala na mchiriku wao, kinanda kidogo cha Casio kikipita kwenye spika chakavu, ngoma zikikimbia.

"Mwalimu," dereva alimwambia mwenzetu, "kumbe laivu siyo lazima magitaa."

"Laivu ni watu, ndugu yangu," mwalimu akamjibu.

Bi Kidude naye tulimkuta pale. Fatuma binti Baraka, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki tarehe 17 Aprili 2013, alipanda jukwaa la Busara miaka mingi akiwa mtu mzima sana, ngoma kiunoni. Alikuwa pia mwalimu wa unyago, mafunzo ambayo mwali huyapata kwa siku kadhaa, ngoma juu ya ngoma. Nilipomwona nilielewa ustahimilivu ule ulikotoka. Hakuwa mwimbaji wa jukwaa aliyejilazimisha kudumu. Alitoka kwenye shule ambako usiku mmoja haukutosha hata kwa utangulizi.

Mwaka 2016 tamasha halikufanyika. Fedha hazikutimia, waandaaji wakaahirisha hadi 2017. Mwaka 2021, wakati wa korona, siku zilipunguzwa zikawa mbili. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili wa nje, ubalozi wa Norway ukiwa miongoni mwa wakubwa, na wafadhili wana haki ya kubadili mipango yao. Mimi siwalaumu. Kinachoniuma ni kwamba Marini na Arinoti, watu wa mishahara ya kibarua, waliweza kulipia siku zao wenyewe, nasi wenye simu za kutumiana pesa tunasubiri balozi atie saini. Mtanzania huuziwa tiketi kwa bei ya chini kuliko mgeni, na bado nawajua watu wa Arusha wanaomlipa msanii wa pleibeki mara mbili ya hapo kwa saa moja, tena kwenye meza ya mbele.

Kwa hiyo mwaka jana tuligeuza mchezo wetu wa kila mwezi, ule wa kupeana zamu, ukawa na mfuko wa pili. Nusu ni nauli ya Februari. Nusu ni ya wazo la mwalimu: siku tatu za muziki hapahapa Sakina, kwaya mbili, morani, vijana wa rap wakiwa na wapigaji wa kwaya nyuma yao, na bendi yoyote ya zamani itakayokubali. Tumeshakaa kikao na kupiga hesabu ya jenereta, spika, vyoo, ulinzi na kibali cha halmashauri, tukaona fedha hazitoshi. Dereva anataka tuanze na usiku mmoja. Fundi anataka tupunguze wapigaji, rap iende na kompyuta mwaka huu wa kwanza. Mimi nimesema taa za rangi ziondolewe zote, jukwaa liwe la mbao za kuazima, tuanze saa nane mchana ili jua litufanyie kazi ya bure, na siku zibaki tatu. Tunakutana tena Jumapili baada ya ibada, na mwalimu bado hajasema yuko upande gani.