Roketi za Katanga

Sisi wa Luena twajua makaa ya mawe yatokayo chini. Lakini katika Katanga yetu watu walipata kurusha roketi juu. Kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilipatana na Serikali ya Zaire, ikajenga kituo karibu na mto Luvua.

Roketi ya kwanza, 17 Mei 1977, ilipaa vema; ya pili, 20 Mei 1978, vilevile. Ya tatu, 5 Juni 1978, Rais Mobutu akitazama, iliacha njia ikaanguka.

Je, anguko hilo liliiua kazi? Sivyo. Mwaka 1971 Mars 2 ya Warusi iliangukia sayari ya Mars ikavunjika. Siku chache baadaye Mars 3 ikatua. Bali mataifa yaliihofu OTRAG kuwa yaficha silaha, na mwaka 1979 Zaire ikaisimamisha. Chombo kilichovunjika hutengenezwa. Imani iliyovunjika ni shida.