Uoto wa asili wa Mlolongo na Nyanda za Athi

Mlolongo ni mji wa Kaunti ya Machakos, nchini Kenya, kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 20 kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi. Umekaa juu ya Nyanda za Athi, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Uoto wake wa asili ni mbuga ya nyasi yenye migunga mifupi iliyotawanyika. Vitabu vya shule huuita savana na kuueleza kwa uchache wa mvua. Kwa Mlolongo, maelezo hayo hayatoshi.

Mvua hunyesha kwa misimu miwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Kwa kawaida jumla ya mwaka huwa kati ya milimita 500 na 750, ilhali magharibi mwa Nairobi, pande za Karen na Dagoretti, hufikia 1,000. Kabla ya kufika Mlolongo, pepo za Bahari ya Hindi huwa zimekwisha kuacha sehemu ya unyevu wake kwenye vilima vya Iveti na Mua. Kiasi cha mvua, hata hivyo, hakisemi mengi bila kulinganishwa na maji yanayoweza kuvukizwa na jua na upepo. Ramani ya kanda za tabianchi na kilimo ya Kenya, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iligawa nchi katika kanda 7 kwa ulinganisho huo: katika kanda ya kwanza mvua huzidi asilimia 80 ya uvukizaji, na katika ya saba haifiki asilimia 15. Nyanda za Athi zinaangukia kanda ya nne na ya tano, ambako mtu angetarajia vichaka na miti ya nchi kavu. Mbona basi miti ni michache hivi?

Jibu limo ardhini. Lava ya kale ilitandazika hapa ikaacha tambarare isiyopitisha maji vizuri, na mwamba wake ulipooza ukazaa udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoitwa udongo mweusi wa pamba. Ukinyeshewa huvimba, vinyweleo vyake huziba na maji hutuama juu. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa pana, na mizizi michanga ya miti hukatika. Isitoshe, udongo huu hushika maji kwa nguvu kiasi kwamba manyunyu madogo huishia tabaka la juu, yasiifikie mizizi mirefu. Nyasi zina mizizi mingi iliyo karibu na uso wa ardhi, hukauka wakati wa kiangazi na kuchipua upya mvua ikirudi. Ndiyo maana zimeshinda, hasa Themeda triandra, ambayo hugeuka nyekundu ikikomaa. Mti unaostahimili ni mgunga mfupi Acacia drepanolobium, wenye vinundu vyeusi kwenye miiba. Sisimizi hukaa humo na kuulinda dhidi ya wanyama wanaokula majani, na upepo ukipita kwenye matundu waliyotoboa, mti hupiga mluzi.

Tabia hiyohiyo ya udongo inajulikana vyema na mafundi wa ujenzi wa Mlolongo na Syokimau, ambao huuchimba na kuusomba wote hadi kwenye mwamba kabla ya kuweka msingi. Nyumba iliyojengwa juu yake hupasuka kuta.

Udongo ukibadilika, uoto nao hubadilika, hata mvua ikiwa ileile. Kwenye miamba ya kilima cha Lukenya maji hayatuami, na miti hupenyeza mizizi katika nyufa za mawe. Kando ya mto Athi husimama migunga yenye magome ya manjano. Mpangilio wa namna hii, wa udongo kubadilika kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni, ulipewa jina la katena mwaka 1935 na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanganyika.

Mfano mzuri zaidi nchini wa udongo kuamua uoto uko pwani. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, miti ya Brachystegia imeota kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, na vichaka vizito vya Cynometra kwenye udongo mwekundu, ndani ya msitu mmoja. Kwingineko tabianchi ndiyo yenye kauli: msitu wa Kakamega unategemea mvua nyingi, na kwenye vilele vya Mlima Kenya baridi huzuia msitu kabisa.

Moto na malisho navyo vimechangia kuiweka mbuga wazi. Wamaasai na Wakamba walilisha mifugo hapa tangu zamani, na Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950, ina kiwanda chake katika mji wa Athi River, katikati ya nchi ya ng'ombe.

Leo sehemu kubwa ya mbuga ya Mlolongo imegeuka makazi, maghala na barabara. Anayetaka kuona udongo na mvua vikifanya kazi pamoja aende Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946: magharibi, palipoinuka na kupata mvua zaidi, pana msitu wa mizeituni mwitu na mihugu, mashariki, kuelekea Athi, ni nyasi juu ya udongo mweusi.